Milioni 5 isiyokuwa na mwenyewe: uzi wa mnyororo wa wajibu

FundiWaNtinda (mwanzisha uzi)

Wakuu, mvua imenifungia ofisini hapa Ntinda na boda wote wamejificha chini ya vibaraza. Wacha nitoe kisa ambacho kimenikaa rohoni tangu mwezi uliopita.

Kuna SACCO moja hapa Kampala, jina nalihifadhi, tuliitengenezea programu ya mikopo. Mwanachama anaomba kwa simu, ombi linapita kwa wakubwa mmoja baada ya mwingine mpaka lifike kwa mwenye mamlaka ya kuliamua. Mkopo mdogo anamaliza afisa mikopo. Ukipanda kidogo ni meneja wa tawi. Mikubwa inakwenda kamati.

Siku hiyo akaja mama anayeuza mukene soko la Kalerwe (nyie wa Mwanza mnaita dagaa). Hakuja kwa fujo. Alikaa kwenye benchi, akatoa simu, akamwonyesha kila aliyepita: alama ya kijani na maneno "Ombi lako limepokelewa". Lilikuwa limepokelewa siku 17 kabla. Afisa akasema hajaliona. Meneja hajaliona. Katibu wa kamati akafungua daftari na skrini, hajaliona. Na wote walikuwa wanasema kweli.

Nikaitwa mimi. Kwenye hifadhidata ombi lipo. Hali: IMEPOKELEWA. Mwamuzi: patupu. Kwenye kumbukumbu za seva hakuna hitilafu hata moja, usiku ule ulikuwa mtulivu kuliko usiku wote. Kiasi: 5,000,000 kamili.

Sasa tazameni masharti tuliyoandika sisi wenyewe. Afisa: kiasi kizidi 0, kisizidi milioni 1. Meneja: kiasi kizidi milioni 1, kiwe chini ya milioni 5. Kamati: kiasi kiwe zaidi ya milioni 5.

Milioni 5 yenyewe haina mwenyewe.

Na mwanadamu haombi 4,870,000. Anaomba milioni 5. Shimo tulilichimba pale pale watu wanapopita.

Kwa wageni wa mambo haya: muundo tuliotumia unaitwa mnyororo wa wajibu. Ni moja ya ruwaza 23 za usanifu (yaani namna zilizozoeleka za kupanga programu) walizozikusanya Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides mwaka 1994, na imo katika lile kundi la ruwaza 11 za tabia, yaani zinazohusu namna objekti (vipande vya programu vyenye data na kazi zake) zinavyozungumza na kugawana kazi. Mtumaji wa ombi hamjui atakayelishughulikia. Anamjua wa kwanza tu. Huyo akiweza, anamaliza; asipoweza, anampa anayefuata. Ni kama barua ya LC (mabaraza ya mitaa hapa Uganda): unaanza kwa mwenyekiti wa LC1 kijijini, likimshinda linakwenda LC2 ya muluka, likishindikana linapanda LC3 gombolola.

Msimbo wetu, nikiufupisha kwa Python, ulikuwa hivi:

    class Mshughulikiaji:
        def __init__(self, anayefuata=None):
            self.anayefuata = anayefuata

        def pokea(self, ombi):
            if self.naweza(ombi):
                return self.amua(ombi)
            if self.anayefuata:
                return self.anayefuata.pokea(ombi)

Afisa, meneja na kamati ni klasi tatu zinazorithi hii, kila moja ina `naweza` yake. Msafi kabisa. Niliuonea fahari.

Sasa semeni, kosa liko mstari gani?

---

MsukumaWaNyakato

Pole mkuu. Kosa ni lile la chini ya milioni 5, weka "au sawa na", kesi imekwisha. Lakini mimi nina swali la kijinga: ngazi tatu tu, klasi nne za nini? `if`, `elif`, `elif`, `else`. Mistari minane, hata mdogo wangu anaisoma. Nyie watu wa ruwaza mnapenda kununua lori kubeba gunia moja.

---

FundiWaNtinda

Swali si la kijinga, na kwa tawi moja ungekuwa umenishinda. Shida ni kwamba matawi hayafanani. Tawi kuu lina ngazi tatu. Tawi dogo halina meneja, afisa akishindwa ombi linaruka moja kwa moja kamati. Lingine wameweka mtu wa kukagua dhamana ya ardhi kabla ya kamati. Mnyororo tunaupanga kutoka kwenye faili la mipangilio programu inapowaka, na tawi likibadilisha utaratibu hatugusi msimbo. Ukiandika kwa `if` unaishia na `if` ndani ya `if` kwa kila tawi, na kila mkutano mkuu wa wanachama unakuletea usiku wa kazi.

Lakini nakubaliana nawe kwa hili: kama ngazi zako ni tatu na zitabaki tatu mpaka ustaafu, andika `if` ukalale.

---

KijanaWaBombo

Mimi niliposoma "msimbo" nikashukuru. Ofisini kwetu wanaita "kodi". Juzi bosi kaniambia mbele ya mteja "kodi yako ina matatizo", mteja akadhani natafutwa na watu wa mapato 😂

---

DadaWaMbale

FundiWaNtinda, pole na mvua. Nakurekebisha kidogo huo mfano wa LC, maana ndio unaowapoteza watu wengi. Mimi kabla ya programu nilikuwa nakusanya takwimu kwenye vituo vya afya, huku na kule nimeziona aina zote.

Ukienda mahakama ya LC1 na kesi ya deni, LC1 *inaamua*. Usiporidhika unakata rufaa LC2, kisha LC3, kisha kwa hakimu mkuu. Ndivyo sheria ya mahakama za LC ya 2006 ilivyopanga. Kila ngazi imetoa jibu, na ngazi ya juu inalifungua upya jibu la chini. Huo si mnyororo wa wajibu. Kwenye mnyororo, aliyepitisha hajaamua chochote.

Mfano wenyewe uko hospitalini. Mgonjwa anafika kituo cha afya daraja la II kwenye muluka. Ni malaria ya kawaida? Anatibiwa, anarudi nyumbani, habari imeishia hapo. Ni mama wa kujifungua? Anapelekwa daraja la III, gombolola, kuna wodi ya wazazi na maabara. Anahitaji kupasuliwa? Daraja la IV, kuna chumba cha upasuaji. Likizidi hapo ni hospitali ya wilaya, kisha kwetu hapa hospitali ya mkoa, na mwisho Mulago, hospitali ya rufaa ya taifa kule Kampala. Kila kituo kinajiuliza swali moja tu: hili naliweza? Nikiliweza namaliza. Nisipoliweza natuma mbele, *bila* kutoa hukumu.

Kiswahili chenyewe kinatutega hapa. Rufaa ya mahakamani na hospitali ya rufaa, neno moja. Ila ya kwanza inapinga jibu lililokwisha kutolewa, ya pili inatafuta jibu ambalo bado halijapatikana. Ukizichanganya utaandika klasi ya meneja inayofuta uamuzi wa afisa, halafu uje hapa kutuuliza kwa nini mkopo mmoja umeidhinishwa mara mbili.

---

FundiWaNtinda

Nnyabo, hapo umenivua kofia. Naondoa mfano wangu.

---

DadaWaMbale

Usiuondoe wote. Ile barua ya LC yenye mihuri mitatu bado ina kazi. LC1 anagonga, LC2 anagonga, LC3 anagonga, na hakuna anayemaliza peke yake: kila mmoja anaongeza kitu chake na kupitisha. Huo ni mnyororo pia, ila wa aina ya pili. Watu wa tovuti mnautumia kila siku.

---

MwanafunziKikoni

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Niko mwaka wa pili, mtihani uko karibu. Aina ya pili ndiyo ile ya Express yenye `next()`? Na ina tofauti gani na dekoreta? Kwenye daftari langu michoro yake inafanana kabisa, kisanduku kinaelekeza kwenye kisanduku.

---

AruaMtandao

Ndiyo hiyo. Kwenye Express (zana ya JavaScript ya kujengea seva za tovuti) ombi la mtandao linapita kwenye fankisheni moja baada ya nyingine: ya kwanza inaandika kumbukumbu, ya pili inakagua kama umeingia kwa nywila, ya tatu inasoma mwili wa ombi, kila moja inaita `next()` kusema "pita". Ya kukagua nywila ikikataa, inajibu yenyewe na haiiti `next()`. Java ina vichujio vya seva vyenye `doFilter`, mambo yale yale. Django, zana ya tovuti ya Python, nayo ina orodha yake: ombi linashuka kutoka juu kwenda chini, jibu linarudi kutoka chini kwenda juu, kama kisu kinachopenya kitunguu na kutoka upande wa pili.

Sasa ngoja nikupe kitu ambacho hakiko kwenye daftari. Sahau kuandika `next()` mahali ambapo hujajibu pia. Hutaona kosa lolote jekundu. Kivinjari kitazunguka, kitazunguka, mpaka mteja achoke afunge. Nilipoteza Jumamosi nzima kwa hilo. Nilikagua hifadhidata, nikakagua waya, nikamlaumu mtoa huduma wa intaneti. Kumbe ni neno moja nililofuta nikisafisha msimbo.

Kuhusu dekoreta: umbo ni moja, nia ni tofauti. Dekoreta inaongeza kitu juu ya objekti na kazi ya ndani lazima ifanyike. Haina ruhusa ya kusema "basi, tusiendelee". Kiungo cha mnyororo kina ruhusa hiyo. Mtihani wakikuuliza, hapo ndipo wanapopataka.

---

MwanafunziKikoni

Asante sana. Na Obzava, Komandi, Midieta? Mwalimu alizitaja zote kwa pumzi moja.

---

AruaMtandao

Zote nne zinajibu swali la mtumaji na mpokeaji wakutaneje. Mnyororo: ombi linatembea kwa mmoja mmoja hadi apatikane wa kulishika. Komandi: ombi lenyewe linafanywa kuwa objekti, unaweza kuliweka foleni au kulitengua baadaye. Midieta: hakuna anayeongea na mwenzake, wote wanapitia kwa msuluhishi mmoja. Obzava: mmoja anatangaza, waliojiandikisha wote wanasikia kwa pamoja. Na unaweza kuzichanganya. Ombi la mkopo la FundiWaNtinda lingeweza kuwa Komandi inayotembea kwenye mnyororo. Lala vizuri.

---

MzeeWaJinja

Habari za jioni vijana. Nimesoma kimya, sasa naomba nafasi.

Mnayoyaongea yana historia, na historia yake ina kovu. Java 1.0 ilipotoka, matukio ya dirisha yalikwenda kwa mnyororo. Unabofya kitufe, tukio linaanzia kwenye kitufe, lisiposhughulikiwa linapanda kwenye paneli iliyokibeba, kisha kwenye dirisha. Metodi ilirudisha `true` kusema "nimelimaliza" au `false` kusema "endelea". Karatasini lilikuwa wazo zuri.

Kazini, watu walisahau kurudisha `true`. Kitufe kinafanya kazi yake, halafu dirisha nalo linafanya kazi ile ile mara ya pili. Au mtu anarudisha `true` kwa uvivu na kuzuia tukio ambalo dirisha lilikuwa linalisubiri. Na kila kipanya kilipotikisika, tukio lilipanda ngazi zote hata kama hapakuwa na aliyelitaka. Java 1.1, mwaka 1997, wakaachana nao: anayetaka tukio ajiandikishe mwenyewe kama msikilizaji. Yaani wakatoka kwenye mnyororo wakaingia kwenye Obzava.

Lakini vivinjari vya intaneti vimebaki na mnyororo mpaka leo. Ukibofya picha iliyo ndani ya kadi iliyo ndani ya orodha, tukio linapanda kutoka picha hadi ukurasa mzima, na yeyote njiani anaweza kulisimamisha kwa `stopPropagation`. Na tunaishi nao vizuri tu. Sasa FundiWaNtinda, kabla hujasema mnyororo ni mzuri au mbaya, jiulize kwa nini kule uliwashinda na huku unatufaa.

---

MsukumaWaNyakato

Shikamoo mzee. Mimi nangoja jibu.

---

FundiWaNtinda

Mzee umenifikisha nilipokuwa naelekea. Turudi kwenye swali langu, kosa liko mstari gani. MsukumaWaNyakato alisema alama ya "chini ya". Ndivyo nilivyodhani na mimi. Nikaweka `<=`, nikamwomba mama radhi, tukalisukuma ombi lake kwa mkono, nikaenda kula roleksi Wandegeya kama mtu aliyemaliza kazi.

Wiki mbili baadaye, tawi jipya. Kwenye faili la mipangilio mtu aliandika afisa na meneja, kamati akaiacha kwa sababu kamati ya tawi ilikuwa haijachaguliwa. Ombi la milioni 8. Afisa: siliwezi. Meneja: siliwezi. Anayefuata: hayupo. Skrini ya mteja: alama ya kijani.

Safari hii alama za hesabu zilikuwa sahihi zote.

Rudini mkaangalie `pokea` pale juu. Kosa liko kwenye mstari ambao *haupo*. Baada ya `if` ya pili hakuna kitu. Python ikifika mwisho wa fankisheni bila `return` inarudisha `None`, kimya kimya, na aliyeita `pokea` hakuangalia amerudishiwa nini. Akaandika "limepokelewa" kwa sababu hakuna aliyepiga kelele.

Wale waandishi wanne walilisema hili tangu mwanzo, kwamba kwa kuwa ombi halina mpokeaji aliyetajwa, hakuna hakikisho kwamba litashughulikiwa. Nililisoma chuoni. Nikalikariri. Nikapata alama zake.

Na jibu kwa mzee: kwenye ukurasa wa tovuti, ukibofya mahali patupu, tukio linapanda hadi juu, hakuna anayelishika, linapotea. Na hilo ndilo jibu sahihi! Mtu kabofya patupu, hakuna anachodai. Kimya pale ni jibu kamili. Kwenye mkopo, kimya ni mama amekaa kwenye benchi siku 17. Mnyororo ni ule ule. Maana ya mwisho wake ndiyo tofauti. Mimi nilichukua mnyororo ambao mwisho wake ni kimya nikaupa pesa za watu.

---

AruaMtandao

Hii naijua kwa upande wa mitandao, tena kule neno lenyewe ni mnyororo. `iptables`, kichujio cha mtandao cha Linaksi: pakiti (kifurushi cha data) inashuka kwenye orodha ya sheria, sheria ya kwanza inayolingana nayo ikisema pokea au tupa, safari imeisha. (Kuna sheria ya LOG, inaandika tu na kuiacha pakiti iendelee, huo ni muhuri wa LC wa DadaWaMbale.) Na kama hakuna sheria iliyolingana? Mnyororo wenyewe una *sera*. ACCEPT au DROP, lazima iwe moja. Hakuna pakiti inayofika mwisho ikakosa jibu. Waliotengeneza kile chombo walilazimisha mkia uwepo.

Ila mkia nao una meno. Niliwahi kuingia kwenye seva iliyoko Koboko kutoka hapa Arua, nikageuza sera kuwa DROP kabla ya kuandika sheria inayoniruhusu mimi mwenyewe. Skrini ikaganda nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Nikapanda gari mpaka Koboko na kibodi kwapani.

---

KijanaWaBombo

Kibodi kwapani 😂😂 ssebo umenimaliza

---

MsukumaWaNyakato

Sawa, nimeelewa, mkia. Sasa mkia ufanye nini? Mimi ningekataa ombi moja kwa moja. "Samahani, mkopo wako haukuidhinishwa." Mteja anajua, anaendelea na maisha.

---

DadaWaMbale

Hapana kaka, huo ni uongo. Hakuna aliyelikataa. Umemwambia mwenye haki kwamba kakosa sifa, wakati ukweli ni kwamba programu yako haikujua la kufanya. Mulago ikisema "hatuna uwezo" ni jibu. Gari la wagonjwa likipotea njiani halafu familia iambiwe "Mulago wamekataa", hilo ni jambo lingine kabisa.

Mimi ningetupa hitilafu. Programu ilie, fundi aamke.

---

FundiWaNtinda

Tulibishana hivyo hivyo ofisini, kwa muda wa saa mbili, hadi chapati zikapoa. Ukitupa hitilafu mbele ya mteja anaona skrini nyekundu na kudhani pesa zimeliwa. Ukikataa unadanganya. Tulichofanya ni kuweka kiungo cha mwisho tulichokiita Dawati. Hakiamui. Kinabadilisha hali ya ombi kuwa LINASUBIRI MTU, kinamwandikia mteja ukweli huo, na kinampigia kengele meneja mkuu na mimi. `naweza` yake inarudisha `True` daima, na programu inakataa kuwaka kama mnyororo wa tawi lolote hauishii kwa Dawati. Hilo la kukataa kuwaka ndilo lililotuponya zaidi. Faili la mipangilio likiwa na pengo tunajua asubuhi kabla mteja wa kwanza hajafika.

Mambo mengine mawili tuliyorekebisha, nayasema haraka.

Mihuri. Kila kiungo sasa kinaandika jina lake na saa kwenye ombi kabla ya kulipitisha. Zamani nilipoulizwa "lilipita wapi?" nilikuwa nakisia. Sasa nasoma: afisa 09:14, meneja 09:14, Dawati 09:14. Wazo nimelitoa kwenye barua ya LC, kwa hiyo DadaWaMbale ujue haikufa bure.

Na mizunguko. Meneja mmoja alikwenda likizo akakaimisha kwa afisa mwandamizi. Afisa huyo alikuwa amepangiwa kwamba akishindwa, anayefuata ni meneja. Ombi likaenda kwa meneja, likaenda kwa kaimu, likarudi kwa meneja... Python ina ukomo wa ngazi 1000 za fankisheni kuitana. Ilipofika hapo ikasalimu amri. Angalau hiyo ilipiga kelele. Sasa tunakagua mipangilio: jina likitokea mara mbili kwenye mnyororo mmoja, haiwaki.

---

MwanafunziKikoni

Wakubwa, naomba mnisahihishe mradi wangu. Natuma malipo ya simu. Nimetengeneza mnyororo: kiungo cha MTN kinaangalia kama namba inaanza na 077, 078 au 076, kama siyo kinampa Airtel, anaangalia 070, 075, 074, kama siyo, kinaendelea. Ni sawa?

---

MsukumaWaNyakato

Niacheni hili nilijibu mimi, leo lazima nishinde moja. Mdogo wangu, hiyo ni kamusi! Tarakimu tatu za mwanzo ni ufunguo, mtandao ni jibu. Hakuna kiungo kinachofikiri chochote, wote wanaangalia kitu kile kile kwa namna ile ile. Weka kwenye kamusi, tafuta mara moja, ufunguo usipokuwepo sema wazi "namba hii hatuitambui". Mnyororo unafaa pale ambapo kila kiungo kina akili yake: huyu anaangalia kiasi, yule anaangalia dhamana, yule anaangalia kama mwanachama ana deni la zamani.

---

MzeeWaJinja

Msukuma leo kapiga bao.

Nyongeza moja kwa kijana: mpangilio. Viungo vyenye akili tofauti, weka anayejua jambo mahususi mbele na anayejua la jumla nyuma. Ukimweka wa jumla mbele atameza kila kitu na wa nyuma yake hatapata kazi maisha yake yote. Nimewahi kukuta kiungo kilichoandikwa vizuri sana, kimepimwa, kina maelezo, na tangu kizaliwe hakikuwahi kuitwa hata mara moja.

---

DadaWaMbale

Kwa hiyo mama wa Kalerwe alipata mkopo wake?

---

FundiWaNtinda

Alipata, lakini alikuwa hauhitaji tena. Wakati programu yangu imelala, wenzake wa kikundi sokoni walimchangia akanunua mzigo. Alikuja kuuchukua hata hivyo, akasema ataongeza meza ya pili. Akaniuliza kama ile alama ya kijani sasa inasema kweli. Nikamwambia inasema kweli zaidi.

---

FundiWaNtinda

Wakuu, narudi baada ya siku nne. Jana saa tano usiku Dawati limepiga kengele kwa mara ya kwanza. Nikaruka kitandani, nikafungua tarakilishi, moyo unadunda. Mihuri: afisa siliwezi, meneja siliwezi, kamati siliwezi, Dawati.

Kiasi kilichoombwa: shilingi 0. Mtu kabonyeza "tuma" bila kujaza.

Na meneja mkuu naye kaamshwa. Kaniandikia ujumbe mmoja tu: "Hii nayo inahitaji mtu?"

---

MsukumaWaNyakato

Mpe huyo mkopo wake mkuu, riba haitamsumbua.